Sikiliza Gitaa la Tatu: Kununua Spika za Kompyuta kwa Pesa Kidogo

Jioni moja jirani yangu, mzee aliyecheza rumba tangu ujana wake, alipita mlangoni kwangu nikiwa nimewasha wimbo wa Franco na TPOK Jazz kwenye kompyuta. Akasimama, akaegemea mwimo wa mlango, akatega sikio. Wimbo ule anaujua mwanzo hadi mwisho. Ameucheza arusini, ameusikia baa, ameusikia ndani ya magari ya kwenda Uvira. Sebene, ile sehemu ya magitaa, ilipoanza akanyoosha kidole kuelekea mezani, akauliza: "Huyu anayepiga hapo katikati ni nani? Siku zote sijamsikia."

Alikuwa mpiga mi-solo. Katika rumba ya Kongo magitaa hugawana kazi: la besi hubeba chini, la ridhimu hushika mwendo, la solo hupaa juu, na la mi-solo hukaa kati ya ridhimu na solo, likijibu huku na kuunganisha kule. Mpigaji huyo alikuwamo ndani ya wimbo miaka yote. Kilichomficha ni spika, zile bafle kubwa zinazotikisa mabati na kufunika kila kitu kwa ngurumo moja. Siku hiyo spika mbili ndogo, kila moja ya kuenea kiganjani, zilimtoa mafichoni.

Kila kijana anaponiomba ushauri wa spika, nalikumbuka swali la mzee yule. Ushauri wangu ni huu: usinunue ngurumo. Nunua spika inayokuwezesha kumsikia kila mtu aliyemo ndani ya wimbo. Spika ya namna hiyo haidai pesa nyingi. Inadai mnunuzi asiye na haraka, anayejua la kuuliza na la kusikiliza.

Sisi wa Luberizi, huku Kongo, tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko mtu wa mji mkubwa. Tuko kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi, na bidhaa za umeme hutufikia zikiwa zimepita mikono mingi. Nyingi zimetengenezwa China. Kuna zinazoshushwa Dar es Salaam na kuvuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, na kuna zinazopitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira, kisha zikapakiwa garini au kwenye pikipiki kuja uwandani. Kila mkono umeongeza kitu juu ya bei. Spika ikinyamaza baada ya wiki mbili, kuirudisha Uvira ni nauli nyingine, na hapo hujui kama mwenye duka atakubali kuipokea. Mtu aliyeuza magunia ya mpunga ili apate pesa hiyo anastahili kujua anachonunua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Namba kubwa ubavuni mwa sanduku

Tuanze na udanganyifu ulioenea kuliko wote. Sanduku limeandikwa "3000 W" kwa herufi nyekundu, na muuzaji anaigonga namba hiyo kwa kidole: "Yaya, hii ni ya nguvu." Tazama kando yake. Mara nyingi utakuta herufi ndogo nne: PMPO. Herufi hizo hazina kipimo ambacho viwanda vimekubaliana, kwa hiyo kila mtengenezaji huandika namba inayompendeza. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani wati ambazo spika inaweza kuzitoa mfululizo, wimbo baada ya wimbo, bila kukwaruza wala kuungua.

Kama RMS haikuandikwa, unaweza kuipima ile namba kubwa bila kifaa chochote. Omba adapta, ile inayochomekwa ukutani, uigeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Tafuta panapoandikwa umeme unaotoka, kwa mfano volti 12 na ampea 1. Zidisha: 12 mara 1 ni wati 12. Spika haiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoingia, kwa hiyo sanduku lile la wati 3000 kwa kweli halifiki hata 12, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Spika zinazokula umeme wa kompyuta zipime vivyo hivyo. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea isiyozidi nusu, yaani wati 2.5. Ukiona spika ya tundu hilo imeandikwa wati 100, mwandishi wa sanduku amekudanganya, na aliyekudanganya kwa namba anaweza kuwa amekudanganya kwa mengine.

Kampuni zinazolinda jina lao huandika namba ndogo bila aibu. Spika za Logitech Z120 zina wati 1.2. Creative Pebble, duara zenye spika za inchi 2 zilizoinuliwa kuelekea usoni, zina wati 4.4. Edifier R1280T, ambazo ni kubwa zaidi na zina koni ya inchi 4 kila upande, zina wati 42. Zote hizi zimetumika na kupendwa duniani kote kwa kusikilizia muziki mezani. Ukiyaweka masanduku yake karibu na lile la "3000 W", utaona ni lipi linalosema kweli.

Wala usizidharau wati chache. Sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu pesa. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaitambua lakini haitakushtua. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati zipatazo mara 10. Unapokaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye spika, wati 2 zilizo safi zinatosha kukujazia chumba. Wati 42 zinatosha familia nzima na wageni.

Udanganyifu wa pili sikuusoma popote, niliuona kwa macho. Nilikuwapo siku fundi wa redio alipofungua sabufa ya kijana mmoja iliyokuwa imekata sauti. Mbele ilikuwa na duara nne zinazong'aa, na kijana alikuwa ameinunua kwa sababu ya hizo nne. Fundi alitoa skrubu moja moja, akazipanga juu ya gazeti, kisha akavuta ubao wa mbele. Duara mbili zilikuwa na sumaku na waya. Mbili zilizobaki zilikuwa vifuniko vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha, bila sumaku, bila koili, bila hata waya mmoja. Fundi alimwekea kijana kifuniko kimoja kiganjani. Kilikuwa chepesi kama kizibo cha chupa ya maji. Kijana hakusema neno.

Kwa hiyo, dukani, usihesabu duara kwa macho. Omba spika iwashwe, kisha gusa taratibu ukingo wa kila duara kwa ncha ya kidole: iliyo hai hutetemeka, iliyo pambo imetulia kama ukuta. Mulika ndani ya wavu kwa tochi ya simu utafute koni inayocheza na muziki. Inua spika uone uzito wake, maana sumaku ni nzito. Gonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole. Kisanduku cha ubao mnene hujibu kwa mlio mfupi na mzito, lakini plastiki nyembamba hulia kama debe, na italia hivyo hivyo ndani ya kila wimbo wako.

Umeme wako ndio utakaokuchagulia

Watu wengi hununua spika kwanza, kisha wakaanza kufikiria umeme. Huku kwetu, ambako nyumba nyingi zinaishi kwa paneli ya jua na betri, anza na umeme.

Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 50. Ndani yake mna wati-saa 600, na betri ya risasi hudumu zaidi ukitumia nusu yake tu kabla ya kuichaji tena, yaani 300. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake huweza kula wati 100. Baada ya saa tatu umemaliza haki yako ya siku. Spika ya wati 10 ingekula umeme huo huo kwa saa 30. Katika nyumba yenye betri moja, basi, mlaji mkubwa ni kompyuta. Ukitaka kusikiliza tu bila kufanya kazi, zima kompyuta, chomoa pini ya spika uichomeke kwenye simu, na muziki utaendelea hadi usiku. Ndiyo maana napendelea spika yenye pini ya kawaida ya milimita 3.5 kuliko ile inayotegemea kompyuta kwa kila kitu. Kama simu yako haina tundu hilo, tafuta spika yenye Bluetooth pamoja na pini, si Bluetooth peke yake.

Jambo la pili ni inverta, ile wengi huku tunaiita konvertisa. Zile za bei ndogo hutoa umeme wa wimbi lililokatwa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na spika nyingi hujibu wimbi hilo kwa mvumo usiokoma, kama nyuki ndani ya mzinga. Mtu hudhani spika ni mbovu, kumbe ni inverta. Dawa yake ni kuikwepa. Spika ya USB huishi kwa volti 5, na unaweza kuilisha kwa chaja ya simu ya gari iliyofungwa kwenye betri. Sabufa nyingi zinazouzwa katika nchi zetu zina mahali pa waya mwekundu na mweusi nyuma, palipoandikwa DC 12V. Hizo hufungwa moja kwa moja kwenye betri: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, na fyuzi ndogo karibu na betri. Usikosee rangi, kwani sekunde moja ya waya zilizopishana inaweza kuua ampli, kile kikuza sauti cha ndani. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya spika mbili za bei moja, chukua yenye volti 12. Hapa uwandani itakufaa kila siku.

Mbili tu, au mbili na sabufa?

Madukani utakutana na namba 2.0 na 2.1. Ya kwanza ni spika mbili, kushoto na kulia. Ya pili ni hizo mbili pamoja na sabufa ya kubeba sauti za chini. Wengi huona tatu ni nyingi kuliko mbili na huishia hapo.

Fikiria pesa inavyogawanyika. Ukiwa na dola 25, kwenye 2.0 pesa hiyo imenunua spika mbili. Kwenye 2.1 imenunua vitu vitatu, na sabufa imekula kipande kikubwa, kwa hiyo spika mbili zinazobeba waimbaji na magitaa zimebaki na koni ya karatasi nyembamba. Matokeo yake ni ngurumo chini, kelele juu, na katikati hakuna kitu, na katikati ndiko anakokaa mpiga mi-solo. Ndiko pia wanakokaa alto na tenori wa kwaya.

Ni kweli spika ndogo haishuki chini sana. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na koni ya inchi 2 huanza kuchoka kabla ya kushuka hata hadi 100. Hata hivyo, kila noti ya besi huzaa sauti nyingine ndogo zilizo juu yake, na ubongo wetu ukizisikia hizo hujijazia yenyewe ile ya chini isiyofika. Kwa sababu hiyo unaweza kufuata mwendo wa besi hata kwenye redio ndogo ya mkononi. Hutaisikia tumboni, lakini utaifuata bila kupotea. Spika iliyokosa katikati haina msaada wa namna hiyo.

Shauri langu, basi: chini ya dola 30 au 40, chukua 2.0 na usitazame nyuma. Ukiwa na zaidi, au kama nyumbani kwako ni muziki wa kucheza kila Jumamosi, sabufa inaweza kufaa, mradi iwe na kitufe chake cha kupunguza besi.

Mifuko mitatu

Mwenye dola 10 hadi 15 atafute spika ndogo mbili za USB zenye pini ya milimita 3.5. Asitarajie makubwa, ila atarajie maneno ya wimbo kusikika vizuri. Zikimpa hilo, amefaulu.

Mwenye dola 20 hadi 40 yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani. Nchi za ng'ambo, Creative Pebble huuzwa kati ya dola 20 na 30. Kufika huku kunaongeza nauli, lakini bei hiyo inakupa kipimo cha kumuuliza muuzaji. Usitegemee jina peke yake, kwani jina linaweza kubandikwa juu ya kitu chochote. Pima kwa masikio hata kama sanduku ni zuri.

Mwenye dola 60 na kuendelea anaweza kuwaza spika za ubao zenye koni ya inchi 3 au 4 na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, juu yake, kama zile Edifier. Lakini kabla hajaagiza mbali, namwomba apitie kwanza kwenye mali ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika.

Betri ya tochi na spika za okazioni

Miongoni mwa mizigo iliyotumika inayotoka Ulaya, mara kwa mara hupatikana spika za zile redio kubwa za sebuleni: visanduku viwili vya ubao, vizito, bila ampli ndani, mkia wa waya ukining'inia nyuma. Wauzaji wengi hawajui wazifanyie nini kwa kuwa hazina plagi, na bei yake huwa ndogo. Ziunganishe na ampli ndogo ya volti 12, na utakuwa na sauti ambayo sabufa mpya ya bei mara mbili haiwezi kuifikia. Kwa mwenye pesa kidogo na subira nyingi, sijui ununuzi bora kuliko huu.

Namna ya kuzijaribu pale pale sokoni, bila umeme, ni betri moja ya tochi ya volti 1.5. Gusa waya mbili za spika kwenye ncha mbili za betri kwa sekunde moja tu, uachie. Spika nzima itatoa mlio mfupi, "tup", na koni itaruka. Usiposikia kitu, koili imekatika, uiache. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku, uiache pia. Tazama koni inaruka kwenda wapi. Chanya ya betri ikiwa kwenye waya mwekundu, koni huruka kuja mbele. Fanya hivyo kwa zote mbili ujue chanya ya kila moja, uitie alama ya kalamu. Ukizifunga moja mbele na nyingine kinyume, koni moja itasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi yote itapotea kana kwamba umeibiwa.

Kisha bonyeza taratibu ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukingo wa mpira huishi miaka mingi. Ukingo wa sponji huoza na kumeguka kama mkate mkavu, hata spika ikiwa haijatumika. Mwisho soma nyuma: utakuta om 4, 6 au 8. Hakikisha ampli yako inakubali namba hiyo, na usifunge spika mbili kwenye tundu moja la ampli ndogo.

Nyimbo za kwenda nazo dukani

Muuzaji atakuwekea wimbo wake, wenye besi nyingi, na ataukaza. Mwombe kwa heshima aweke flashi yako. Asiyekubali spika yake ijaribiwe, mshukuru uondoke. Ndani ya flashi weka nyimbo chache unazozijua kama njia ya kwenu.

Kwanza, rumba yenye sebene ndefu. Sauti ikiwa ya wastani, jaribu kulifuata gitaa moja tu kwa dakika nzima, kisha jingine. Ukiweza kumtenga kila mpigaji, hiyo ni spika. UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu mwaka 2021, na urithi huo umo ndani ya mpangilio wa magitaa hayo. Si haki kuusikiliza nusu.

Pili, sauti ya mtu anayeimba kwa Kiswahili, kwa mfano Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyetumikia muziki wake Tanzania, au kwaya ya kanisa lenu. Sikiliza herufi "s" na "sh". Zikichoma sikio kama sindano, spika hiyo itakuchosha baada ya saa moja. Maneno yakisikika kana kwamba mwimbaji ameziba mdomo kwa leso, iache.

Tatu, gitaa moja tu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, kidole gumba kikibeba besi na kidole cha shahada kikiimba juu. Rekodi za wakati ule zina njia moja ya sauti, na hilo linakusaidia: kaa katikati ya spika mbili, na gitaa lazima lisikike likitoka mbele yako, pale pasipo na spika. Likivutwa upande mmoja, spika moja ni dhaifu. Likitawanyika usijue liko wapi, waya zimepishana.

Nne, kwa anayetaka sabufa, ngoma za Burundi. Kila pigo liwe na mwanzo na mwisho. Mapigo yakiungana kuwa mvumo mmoja, hiyo ndiyo ngurumo niliyokuonya juu yake.

Baada ya nyimbo, jaribu kimya. Simamisha muziki, kaza sauti hadi mwisho, usogeze sikio. Kuvuma kidogo si dhambi, lakini ukiusikia mvumo ukiwa umbali wa mkono mmoja, utausikia kila usiku. Zungusha kitufe cha sauti taratibu: kikikwaruza kikiwa kipya, hakitafika mwaka. Mwisho, kaza wimbo hadi robo tatu kwa dakika mbili. Sauti ya mwimbaji ikianza kupasuka hapo, ujue umeufikia mwisho wa spika hiyo.

Ukifika nyumbani

Spika nzuri iliyowekwa vibaya ni pesa iliyolala. Zitenganishe kama hatua moja, kisha kaa ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Ziinue zifike usawa wa masikio, hata kwa matofali mawili kila upande, na katikati ya tofali na spika tia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili meza isitetemeke nazo. Zisogeze mbali kidogo na ukuta. Zikigusana na kona, besi huvimba na kumfunika tena yule wa katikati.

Chumba cha saruji na mabati matupu hurudisha mwangwi. Pazia nene, mkeka ukutani au godoro lililoegemezwa nyuma yako hupunguza mwangwi huo bila gharama. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la kijani la nyuma, kwani lile la mbele mara nyingi huleta mkwaruzo. Weka sauti ya kompyuta karibu na mwisho, kisha upunguze au uongeze kwa kitufe cha spika. Vumbi la uwandani lifute kwa kitambaa kikavu, funika spika usiku, na tundu la hewa la nyuma liwekee wavu mwepesi, la sivyo mende watafanya makao humo.

Angalia pia nyimbo zenyewe. Wimbo uliopita kwenye simu 10 na kubanwa kila unapopita umekwisha pukutika, na hakuna spika ya kuurudishia kilichopotea. Wimbo wa dakika 10 uliohifadhiwa vizuri, kwa kilobiti 320 kwa sekunde, una ukubwa wa megabaiti zipatazo 24. Flashi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya 300 za namna hiyo. Mwambie anayekuwekea nyimbo kwamba unataka chache zilizo kamili, si elfu zilizobanwa.

Na masikio hayauzwi popote. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja lazima apaaze sauti ili umsikie, umezidisha. Ukiwa na spika safi hutatamani kukaza hivyo, kwa sababu mara nyingi tunakaza tukitafuta kitu tusichokisikia.

Mzee jirani yangu hatimaye alikwenda Uvira kujinunulia zake. Alirudi jioni na visanduku viwili vya okazioni vilivyofungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, rangi imechubuka kila kona. Alikuwa amejaribu spika tatu dukani, mbili mpya zenye taa za rangi na hizo kuukuu, kwa wimbo ule ule mmoja. Nilimuuliza amechaguaje. Akajibu, huku akifungua kamba: "Nilimtafuta yule wa katikati."